Mrija wa mwanangu umeingiwa na vijidudu: je, kosa ni langu?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Ujiji na ninauza mawese na dagaa sokoni. Ninakuandikia kwa ajili ya mtoto wangu wa pili, mvulana wa miaka 9, ambaye figo zake zilishindwa kufanya kazi mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mrefu ule ugonjwa wa kuvimba mwili na kupoteza protini kwenye mkojo. Tangu hapo anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa karibu saa nne, kupitia mrija aliowekewa shingoni upande wa kulia. Walipomwekea waliniambia kuwa huo ni mrija wa muda tu, na kwamba baada ya wiki chache angewekewa mwingine wa kukaa. Huu ni mwezi wa tatu, na mrija ni uleule.

Wiki tano zilizopita, usiku wa siku aliyotoka kusafishwa damu, mtoto alitetemeka hadi meno yakagongana. Huku kwetu mtu akitetemeka tunajua ni malaria, kwa hiyo nilikwenda duka la dawa, nikanunua mseto na kumpa. Kesho yake alipata nafuu kidogo, nami nikashukuru Mungu. Siku ya tatu tulirudi hospitali, ambayo sitaitaja, na haikupita nusu saa tangu aunganishwe na mashine akaanza kutetemeka upya, joto likapanda, akawa hanitambui. Daktari aliagiza damu ichukuliwe, kisha akaniambia kuwa vijidudu vimeingia kwenye damu kupitia mrija. Tulilazwa siku 16. Alipona, lakini sikuambiwa ni kijidudu gani, na mrija haukubadilishwa.

Kilichoniumiza ni kwamba muuguzi mmoja aliniambia mbele ya wazazi wenzangu, "Mama, tatizo ni usafi wa nyumbani kwako." Maneno hayo yalifika kwa mama mkwe wangu, na tangu siku hiyo ndiyo wimbo wa nyumba nzima. Sisemi kwamba mimi sina doa. Mtoto aliwahi kunitoroka akaingia ziwani na wenzake hadi kiunoni, wakarushiana maji na plasta ikalowa, nami niliikausha kwa khanga nikasubiri siku ya mashine. Bibi yake naye, kwa mapenzi tu, alikuwa akimpaka mawese pembeni ya plasta kila Ijumaa huku akimsomea dua. Lakini hata hospitali nimeona mambo. Nimemwona muuguzi akiwa amevaa glovu anapokea simu, kisha kwa glovu zilezile anafungua mrija wa mwanangu. Barakoa huwa chini ya kidevu. Feni ya dari inazunguka juu yetu muda wote. Na usiku mmoja wodini, baada ya kukosa mshipa mkononi, mhudumu wa zamu alimpitishia dripu kwenye mrija huohuo wa mashine. Sikusema neno, kwa kuogopa kwamba nikisema mtoto wangu ndiye atakayechukiwa.

Mama, naomba unijibu mambo matatu. Je, kosa lilikuwa langu? Nikiona tena yale niliyoyaona, niseme vipi bila kumponza mtoto? Na la mwisho, mama mkwe anasema mrija ndio uliomletea mtoto ugonjwa, kwa hiyo utolewe tumpeleke kijijini akapumzike na kutibiwa kwa dawa zetu. Baba yake ni mvuvi, usiku wake wote uko majini, na katika jambo hili amekaa kimya. Nimshike nani?

Mama wa Ujiji


Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo linaweza kumuua mtoto ndani ya wiki moja wakati hayo mengine yanaweza kusubiri. Mrija huo usichomolewe nyumbani na mtu yeyote, kwa nia yoyote ile. Ncha yake ya ndani imelala katika mshipa mkubwa wa damu, karibu kabisa na moyo, na ukivutwa na asiyejua, damu inaweza kumwagika kwa wingi na hewa inaweza kufyonzwa kupitia tundu lile hadi kwenye moyo. Hata kama hayo mawili hayatatokea, mtoto atakuwa amebaki bila njia ya kutoa maji na madini ya potasiamu ambayo figo zake haziwezi tena kuyatoa. Maji yatamjaa mapafuni. Potasiamu ikizidi husimamisha moyo, na mara nyingi haitoi dalili ya kukupa nafasi ya kukimbilia hospitali. Kijijini hakuna dawa ya mti inayofanya kazi ya figo, na ninalisema hili bila kuwadharau wazee wetu.

Ni kweli kwamba wakati mwingine kuuondoa mrija ulioambukizwa ndiyo tiba yenyewe. Madaktari huuondoa pale kijidudu kinapokuwa cha aina ngumu, hasa stafilokokasi aureasi au fangasi, pale homa inapogoma kushuka siku mbili tatu baada ya dawa kuanza, au pale usaha unapoonekana kwenye njia ya mrija. Lakini wao wanapouondoa huwa wamekwisha kupanga mtoto atasafishwa damu kwa njia gani kesho yake. Kwa hiyo mama mkwe wako hajakosea kuushuku mrija. Amekosea mahali pa kuutolea tu, na ukimweleza hivyo, kwa heshima, huenda akakusikia zaidi kuliko ukimwambia kwamba hajui kitu.

Sasa tuje kwenye kosa.

Vijidudu vina njia kuu mbili za kuingia. Ya kwanza ni kwenye ngozi, pale mrija unapotokea shingoni: wadudu wanaoishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, awe msafi namna gani, huteremka polepole wakiufuata mrija kwa nje hadi kwenye damu. Ya pili ni mdomo wa mrija wenyewe, kila unapofunguliwa kuunganishwa na mashine na kila unapofungwa. Wakishaingia ndani hujijengea utando laini unaonata kwenye ukuta wa mrija, na ndani ya utando huo dawa huwafikia kwa shida. Ndiyo sababu mtoto wako alianza kutetemeka nusu saa baada ya kuunganishwa: mashine ilipoanza kuvuta na kurudisha damu kwa nguvu, vijidudu vilivyokuwa vimejificha mrijani vilisukumwa mwilini kwa pamoja. Mtetemeko unaokuja wakati wa mashine au saa chache baada yake ni alama ambayo muuguzi yeyote wa kitengo hicho anapaswa kuitambua mara moja.

Piga hesabu nami. Mara tatu kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka, na kila mara mrija hufunguliwa mwanzoni na mwishoni, maana yake mlango wa kwenda moyoni mwa mtoto hufunguliwa mara 312 kwa mwaka, yote mikononi mwa watu wa hospitali. Nyumbani kwako haujawahi kufunguliwa hata mara moja. Siku ya ziwani na mawese ya Ijumaa ni hatari za kweli za ile njia ya kwanza, na nitazirudia, kwa kuwa sitaki kukufariji kwa kukuficha. Lakini mtu anayekuambia mbele za watu kwamba tatizo ni usafi wa nyumbani kwako anadai kujua jambo ambalo hakuna anayeweza kulijua kwa kuangalia tu, na kwa kusema hivyo anajiondoa yeye mwenyewe kwenye orodha ya milango. Alikukosea. Nimefanya kazi ya uuguzi wa watoto kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninajua kauli hiyo hutoka upesi zaidi pale mtu anapohisi kwamba kidole kinaweza kumgeukia.

Na kuna la tatu ambalo wewe mwenyewe umelitaja kwa kupita tu, nami naona ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika: mrija wa muda uliokaa miezi mitatu. Mrija wa aina hiyo huingia moja kwa moja kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mshipa, bila kizuizi chochote katikati. Ule wa kukaa hupitishwa kwanza chini ya ngozi ya kifua kwa sentimita kadhaa, na una ukanda mdogo wa kitambaa ambao nyama ya mwili hukua na kuushika, ukawa kama ukuta wa kuwazuia wadudu wanaotoka nje. Miongozo ya kimataifa ya matibabu ya figo inataka mrija wa muda wa shingoni usizidi wiki mbili hivi. Najua kwa nini huzidi: mrija wa kukaa ni ghali, mtaalamu wa kuuweka yuko mkoa mwingine, rufaa inachelewa, na katikati ya hayo yote mtoto lazima asafishwe damu kesho kutwa. Hizo ni sababu za kweli, lakini hazibadilishi ukweli kwamba kila wiki inayoongezeka inaongeza hatari. Ukiwa na nafasi ya kuuliza swali moja tu, uliza hili: "Daktari, mtoto atawekewa lini mrija wa kukaa, na kinachosubiriwa ni nini?" Kama jibu ni fedha, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku hiyohiyo. Kama ni mtaalamu, omba barua ya rufaa. Usiondoke bila tarehe.

Uliyoyaona hospitali hukuyaona vibaya. Mrija unapofunguliwa, anayeufungua anatakiwa awe amenawa au amesugua mikono kwa dawa yenye spiriti, avae glovu safi ambazo hazijagusa kitu kingine, yeye na mtoto wavae barakoa zinazofunika pua na mdomo, na mtoto ageuze uso upande wa pili. Barakoa ipo kwa sababu watu wengi hubeba stafilokokasi puani bila kuumwa, na pumzi au chafya moja juu ya mrija ulio wazi inatosha. Feni huzimwa kwa dakika hizo chache ili vumbi lisipeperushwe. Mdomo wa mrija husuguliwa kwa dawa, kwa kawaida klorheksidini yenye spiriti, na huachwa ukauke wenyewe, kwa kuwa dawa hiyo huua wadudu wakati inapokauka. Anayepaka na kufungua papo hapo amefanya nusu ya kazi. Kidonda cha shingoni husafishwa na kufungwa upya kwa utaratibu wa kituo, na mara moja kila plasta inapolowa, kuchafuka au kubanduka.

Ile dripu ya usiku ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Mrija wa kusafishia damu ni wa mashine peke yake. Hautumiki kuchukulia damu ya vipimo wala kupitishia dawa na maji wodini, isipokuwa kwa dharura ya kuokoa maisha na kwa idhini ya daktari wa figo, kwa sababu mhudumu wa wodi hana utaratibu ule wa kuufungua, na pia kwa sababu ndani yake huachwa dawa ya kuzuia damu isigande, mara nyingi heparini, ambayo ikisukumwa mwilini bila kutolewa kwanza inaweza kumfanya mtoto avuje damu. Hapo una haki ya kusimama mbele ya kitanda na kusema, "Samahani, mrija huu ni wa mashine tu, naomba apigiwe simu daktari wa figo."

Unaniuliza useme vipi. Nitakusimulia jambo moja kutoka kazini kwangu. Nikiwa muuguzi kijana, katika hospitali ambayo sitaitaja, mzee mmoja aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake aliniona nikienda kufungua mrija wa dawa bila kunawa. Hakunifokea. Aliinua kiganja chake taratibu akasema, "Binti yangu, nimiminie na mimi maji tunawe wote." Nilinawa kwa hasira moyoni, lakini nilinawa, na tangu siku hiyo hadi nastaafu sikuwahi kugusa mrija wa mtoto bila kuukumbuka mkono ule. Yule mzee hakunishtaki wala hakuniaibisha. Alijiweka upande wangu, tukawa wawili tunaomlinda mtoto mmoja.

Basi nawe anza kabla ya kosa, wakati mtoto anapimwa uzito na hakuna aliyekwisha kukosea: "Sista, mwanangu alishawahi kupata vijidudu kwenye damu, na bado ninaogopa. Naomba leo tuvae barakoa wote, nami nitamgeuza uso." Ukiona simu imeshikwa kwa glovu, sema kwa sauti ya kawaida, "Sista, umegusa simu, naomba ubadilishe glovu kabla hujafungua." Muuguzi mwema atashtuka na kukushukuru. Asiye hivyo atanuna, na siku hiyo utabeba mnuno wake, lakini glovu atabadilisha. Kama jambo linajirudia, mwone muuguzi kiongozi wa kitengo faraghani, umweleze siku, saa na ulichokiona, bila kumwita mtu mchafu. Akishindwa, nenda kwa mganga mfawidhi. Uchukue pia neno la wenzako. Wazazi wanne wenye watoto kwenye mashine wakienda pamoja kuomba barakoa za kutosha na feni kuzimwa, hakuna mtoto mmoja atakayeonekana kuwa ndiye wa kuchukiwa, na huenda muuguzi kiongozi akafurahi kupata nguvu ya kudai vifaa anavyovililia kila mwezi. Nimefanya kazi bila glovu za kutosha na wagonjwa wakiwa wengi kuliko mikono yetu. Si kila unachokiona ni uzembe.

Na usidhani kwamba kuuliza kwako ni ujuaji. Katika jimbo la Michigan, Marekani, hospitali zilijaribu mpango, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006, wa hatua tano tu rahisi kwa mirija mikubwa ya damu katika wodi za wagonjwa mahututi: kunawa mikono, kujifunika kikamilifu wakati wa kuiweka, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa pajani inapowezekana, na kuitoa mirija isiyohitajika tena. Kilichoambatana na hatua hizo ni ruhusa iliyotolewa kwa wauguzi kumsimamisha hata daktari aliyeruka hatua moja. Maambukizi yalipungua kwa hadi asilimia 66. Wagonjwa wale hawakuwa watoto wa figo, lakini tangu mwaka 2013 hospitali za watoto nchini humo zimeungana katika kazi ya namna hiyohiyo kwa watoto wanaosafishwa damu, zikitumia orodha ya hatua inayokaguliwa mbele ya kitanda na kuwafundisha wazazi wajue kila hatua. Dawa mpya haikuwa siri yake. Ilikuwa ni jicho la pili, na kwa mwanao jicho hilo ni lako.

Lakini mwanangu, jicho hilohilo lilikosea usiku ule wa mseto, na hapa sitakupamba. Mkoa wetu wa Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo ulifikiri kama mama yeyote wa hapa angefikiri. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye mrija, kila homa na kila mtetemeko ni vijidudu vya mrija hadi ithibitike vinginevyo. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini ipimwe hospitali, siku ileile, pamoja na damu ya kuoteshwa maabara. Damu hiyo huchukuliwa kabla dawa ya kuua bakteria haijaanza, kwenye mrija na, ikiwezekana, kwenye mshipa mwingine, ili maabara itaje kijidudu na dawa inayokiweza. Mtoto akiwa ameshakunywa amoksilini ya dukani, vijidudu vinaweza kugoma kuota na daktari akabaki anabahatisha. Na hata kipimo cha malaria kikionyesha anayo, damu ya kuoteshwa bado ichukuliwe, kwani mtoto wa Kigoma anaweza kuwa na vyote viwili. Siku zile tatu zilimpa kijidudu nafasi, na kijidudu cha mrija kikipata nafasi huweza kuhamia kwenye vali za moyo, kwenye mifupa au kwenye maungio. Nunua kipimajoto. Ukiona nyuzijoto 38, au mtetemeko hata bila joto, au usaha, wekundu na maumivu pale shingoni, usingoje siku ya mashine, hata kama ni usiku wa manane na baba yake yuko ziwani.

Uliza pia, kwa kuwa hukuambiwa, ni kijidudu gani kiliota, dawa gani alipewa na kwa siku ngapi. Matibabu ya maambukizi haya kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi tatu, na kwa baadhi ya vijidudu huwa marefu zaidi. Mlilazwa siku 16. Nataka ujue kama dozi ilikamilika au sehemu yake ilipaswa kuendelea baada ya mashine mkiwa nyumbani. Mrija ulioachwa mahali pake baada ya maambukizi huweza kuhifadhi mabaki kwenye ule utando, ndiyo maana ninasisitiza kubadilishwa kwake. Ni kawaida pia damu kuoteshwa upya dawa zikishaisha ili kuhakikisha imekuwa safi. Yaandike majibu yote katika daftari moja, pamoja na joto la mtoto kabla na baada ya kila mashine, hali ya kidonda, na jina la aliyemuunganisha. Daftari hilo litakusemea siku ambayo wewe utakuwa umechoka.

Nyumbani kazi yako ni moja: plasta ibaki kavu, safi na bila kuguswa. Aogeshwe kwa kitambaa cha maji kuanzia kifuani kwenda chini, na kichwa kioshwe akiwa amelala chali, shingo ikiwa imefunikwa vizuri. Plasta ikilowa, usikaushe na kusubiri. Rudi hospitali siku hiyo ikabadilishwe. Vibano vya mrija vibaki vimefungwa, na kifuniko kikidondoka usikirudishe, hakikisha kibano kimebana na mkimbilie hospitali. Mrija ukichomoka wenyewe, mlaze, bonyeza kwa nguvu pale ulipotokea kwa kitambaa safi, na uende ukiwa bado umebonyeza. Mawese yaachwe, kwa sababu mafuta hulegeza plasta na kubeba wadudu hadi kwenye tundu. Bibi asinyimwe Ijumaa yake. Amsomee dua akiwa amemshika mkono au amemwekea kiganja kichwani, na akinawa kabla ya kumgusa atakuwa amemsaidia mjukuu wake kweli.

Ziwa ndilo gumu. Mtoto aliyezaliwa Ujiji kumwambia asiingie Tanganyika ni kumnyima nusu ya utoto wake, na usidhani kwamba alitoroka kwa utundu. Mwambie ukweli kwa lugha yake: kwamba bomba la shingoni linaelekea moyoni na maji ya ziwa hayatakiwi huko. Kisha mpe kitu badala yake. Baba yake amkalishe kwenye mtumbwi uliovutwa mchangani, amfundishe kushona nyavu na kuhesabu makarai ya dagaa asubuhi wanaporudi. Hilo litamtoa pia baba kwenye kimya chake, ambacho nadhani si kutojali. Wanaume wengi hunyamaza pale wanapoogopa na hawana kazi ya kufanya. Mpe kazi. Amshike mtoto siku moja ya mashine kila wiki, aone kwa macho yake, naye ndiye amweleze mama yake mzazi habari ya mrija. Maneno hayo yakitoka kwa mwanawe hayatakuwa ugomvi wa mkwe na mkwe.

Mbele ya safari, muulize daktari habari ya fistula. Siyo ile ya uzazi mnayoisikia redioni. Hii ni upasuaji wa kuunganisha ateri na vena za mkononi ili mshipa unenepe na uweze kuchomwa sindano za mashine bila mrija wowote, na maambukizi yake ni machache kuliko ya mrija kwa mbali. Kwa mtoto mdogo mishipa ni myembamba na huchukua wiki nyingi kukomaa, kwa hiyo si kila mmoja hufaa, lakini jambo la kufanya leo ni kuulinda mkono asioutumia kuandika: omba mkono huo usichomwe sindano wala kuwekewa dripu, na damu za vipimo zichukuliwe nyuma ya kiganja cha mkono mwingine. Uliza pia kama anafaa kusafishwa kwa njia ya tumbo, na kama anaweza kuandikishwa kwa ajili ya kupandikizwa figo. Kazi hiyo ilianza hapa nchini Novemba 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka uliofuata katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Siku ya mashine inayokuja, mambo ni mawili tu: tarehe ya mrija mpya na jina la kijidudu. Ukishayapata, niandikie tena, nami nitakusaidia kuyasoma.